Mstaafu wa kujitolea aje Kasulu, lakini asiondoke na mteja

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tulivyozoea kusema kila anapotokea mtu kutoka nje aliyejitolea kusaidia vikundi vya akina mama wanaosuka vikapu na mikeka, wanaofinyanga vyungu au kushona. Anapokelewa kwa nyimbo, anapewa kiti cha mbele, anapigwa picha. Baada ya miezi michache anaagwa kwa nyimbo zile zile, na maisha yanaendelea.

Swali linalopaswa kuulizwa na mfanyabiashara yeyote makini ni hili: amepona nani? Kikapu kilichokuwa kikiuzwa Sh12,000 gulioni kabla hajaja, sasa kinauzwa kiasi gani, na anayekinunua anajulikana na nani?

Naandika haya kwa kuwa siku hizi wanaokuja si vijana peke yao. Wapo watu wazima waliostaafu kazi zao Ulaya, Marekani na Japani, wenye pensheni na afya njema, wanaotaka kutumia ujuzi wao mahali unapohitajika. Hilo ni jambo jema. Lakini kwa nyanda zetu za Kasulu na Kibondo, jambo jema lisilo na utaratibu tumeshaliona mara nyingi, na hasara yake tunaijua.

Ni watu gani hawa?

Kujitolea baada ya kustaafu ni kazi yenye mashirika yake. Uholanzi wana PUM, shirika la wataalamu wastaafu lililoanzishwa mwaka 1978. Ujerumani wana Senior Experten Service lenye makao yake Bonn, lililoanza mwaka 1983. Wajapani wana wazee wao wanaotumwa kupitia JICA. Wamarekani wana Peace Corps, ambayo wengi huku tunaikumbuka kwa vijana wanaofundisha sayansi sekondari, lakini haina ukomo wa umri. Mwaka 1966 mama yake Jimmy Carter, ambaye baadaye alikuja kuwa Rais wa Marekani, alijiunga na Peace Corps akiwa na umri wa miaka 68, akaenda India kufanya kazi ya uuguzi kwa karibu miaka miwili.

Watu wa namna hii hawalipwi mshahara. Wengi hukaa wiki mbili hadi wiki chache, na wachache hufika miezi kadhaa. Lakini kutolipwa mshahara si sawa na kuwa bure. Kwa kawaida mwenyeji anayemwomba mtaalamu hutakiwa kubeba gharama za malazi, chakula na usafiri wa ndani. Kikundi kinachomwalika mzee wa kizungu kwa mwezi mmoja kinapaswa kukaa chini na kupiga hesabu ya nyumba, kuku, maji ya chupa na pikipiki, kisha kulinganisha na kile anachokuja kufundisha.

Pia kuna sheria. Mgeni anayekuja kujitolea haruhusiwi kufanya kazi hiyo kwa viza ya utalii. Anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi, ambacho kwa wanaojitolea ni cha daraja C. Na anayetaka kufanya kazi ndani ya kambi ya wakimbizi anahitaji ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kikundi kinachofumba macho katika hili kinaweza kujikuta mgeni ameondolewa katikati ya mafunzo.

Kasulu tunajua maana ya kuondokewa

Sidhani kama kuna wilaya nyingi nchini zilizopokea na kuaga mashirika mengi kama hizi zetu. Kambi ya Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Mwaka 2015 wakaja Warundi wengine kwa maelfu, wakajaa Nyarugusu na Nduta kule Kibondo, na Mtendeli iliyopo Kakonko ikafunguliwa tena. Mwishoni mwa mwaka 2021 Mtendeli nayo ikafungwa.

Kila kambi ilipofunguliwa, magari yalijaa, nyumba za kupanga zikapanda kodi, na mama ntilie akapata wateja. Kila ilipofungwa, biashara zilizosimama kwa kumtegemea mgeni zilianguka siku ile ile magari yalipoondoka. Mwaka 2025 tukaona jingine: serikali ya Marekani ilipoifunga USAID, miradi mingi ilisimama katikati ya safari, bila kujali kama ilikuwa inafanya vizuri au vibaya.

Funzo lake ni kwamba mgeni huondoka kwa sababu zake na kwa wakati wake. Biashara ya mwenyeji lazima ijengwe kwa kulijua hilo tangu siku ya kwanza.

Dalali asiyechukua kamisheni

Mkulima wa maharage wa Kasulu hahitaji kufundishwa maana ya dalali. Dalali ndiye mwenye namba ya simu ya mnunuzi wa Dar es Salaam au Mwanza. Wewe una magunia, yeye ana namba. Siku asipopokea simu, maharage yako yanabunguliwa stoo. Nguvu yake yote imo katika ile namba.

Sasa mtazame mstaafu mwenye moyo mzuri. Amekuja kwenye kikundi, ameviona vikapu, amevipenda. Anapiga picha, anawatumia rafiki zake, watu wa kanisani kwake, jirani mwenye duka la zawadi. Oda zinaanza kuja: vikapu 20, kisha 50. Akina mama wanafurahi. Lakini oda zinafika kwenye barua pepe yake. Fedha zinaingia kwenye akaunti yake, naye anazituma. Bei anaipanga yeye. Akirudi kwao anaendelea mwaka wa kwanza, wa pili anachoka, wa tatu anaugua, kwa sababu ni mzee. Oda zinakatika. Akina mama hawajui hata jina la duka lililokuwa likiuza vikapu vyao.

Mtu huyu hakumwibia yeyote. Pengine ametoa hata fedha zake mfukoni. Lakini bila kukusudia amekuwa dalali, tofauti ni kwamba hachukui kamisheni. Amebaki na kitu chenye thamani kuliko kamisheni, nacho ni mteja.

Ndiyo maana nasema mstaafu aje, tena akaribishwe, lakini asiondoke na mteja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tukubaliane basi ni jembe gani apewe.

Jembe la kwanza: bei

Mstaafu aliyefanya kazi ya uhasibu, benki au dukani anaweza kufanya jambo moja kubwa kwa siku tatu: kuwafundisha akina mama kukokotoa gharama ya kikapu.

Tuchukulie mfano. Kikapu kimoja kinachukua siku tatu za kusuka. Kibarua cha kulima kwa siku, tuseme, ni Sh5,000. Muda wa mama huyo una thamani ya Sh15,000. Nyasi na ukindu, hata kama amekata mwenyewe bondeni, tuweke Sh2,000. Rangi Sh1,000. Nauli ya kufikisha mzigo mjini, ikigawanywa kwa kila kikapu, Sh1,000. Jumla ni Sh19,000. Akikiuza Sh12,000, amemlipa mnunuzi Sh7,000 ili akubali kuondoka na kikapu.

Wapo watakaosema mama anasuka jioni akiwa amepumzika, kwa hiyo muda ule hauna bei. Hoja hiyo ina ukweli kiasi kwa kikapu kimoja cha nyumbani. Lakini oda ya vikapu 50 haisukwi kwa jioni. Inasukwa mchana, na mchana ule ndio uliokuwa wa kupalilia. Muda ukishageuka kuwa oda, una bei.

Mstaafu pia anajua upande wa pili wa mnyororo. Maduka mengi ya huko kwao huuza bidhaa kwa mara mbili au zaidi ya bei waliyonunulia, kwa kuwa yana kodi ya pango, mishahara na bidhaa zinazododa. Mama akielewa hivyo hatashtuka kuona kikapu chake kimeandikwa bei kubwa dirishani, na hatakubali pia kuambiwa kwamba bei haiwezi kupanda hata kidogo.

Jembe la pili: kalenda

Jambo la pili ambalo mgeni analijua kuliko sisi ni majira ya soko lake. Wateja wa Ulaya na Marekani hununua zawadi kwa wingi Novemba na Desemba, kuelekea Krismasi. Ili kikapu kiwe dukani Novemba, kinapaswa kuondoka Kasulu miezi kadhaa kabla. Kutoka hapa hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000, na baharini mzigo unaweza kumaliza mwezi mzima au zaidi, ukiacha siku za forodha.

Sasa weka kalenda hiyo kando ya kalenda ya shamba. Kwetu mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kukatika Mei. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ndicho chenye nafasi: mahindi yameshavunwa, nyasi zimekomaa na zinakauka vizuri. Oda ikifika Aprili au Mei, akina mama wanasuka Juni na Julai, mzigo unaondoka Agosti, na shamba halijaguswa. Oda hiyo hiyo ikifika Oktoba, mama anachagua kati ya kupanda na kusuka. Akisuka, analipwa leo na kununua chakula mwakani. Akipanda, mteja anasema watu wa Kasulu hawaaminiki.

Kikundi kikiijua kalenda hii, kinaweza kumwambia mnunuzi kwa heshima lini kinapokea oda na lini hakipokei. Mnunuzi wa kweli hupenda kuambiwa hivyo.

Jembe la tatu: kipimo

Gulioni kila kikapu kina mteja wake, mkubwa kwa mdogo. Dukani si hivyo. Mnunuzi akiagiza vikapu 50 vya sentimeta 30, anataka vyote viwe 30, rangi ile ile, kitako kimekaa sawa mezani. Hapo ndipo vikundi vingi huangukia. Mstaafu awaachie kipimo: fremu ya mbao au duara la kadibodi lenye saizi iliyokubaliwa, na kikapu cha mfano kinachotunzwa na mwenyekiti.

Kingine ni unyevu. Kikapu kisichokauka vizuri kikifungwa ndani ya plastiki huota ukungu baharini. Mzigo mzima unaweza kukataliwa kwa ajili ya vikapu vitano. Na kwa kuwa vikapu ni mimea, nchi inayopokea inaweza kudai cheti cha afya ya mimea, ambacho hapa nchini hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Haya si mambo ya kugundulia bandarini.

Majirani wamefanyaje?

Tusiende mbali. Rwanda, dada wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, walianzisha kampuni ya Gahaya Links wakawakusanya wasukaji wa vikapu baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mwaka 2005 vikapu vya Rwanda vikaanza kuuzwa katika maduka makubwa ya Macy's nchini Marekani. Wamarekani walisaidia kufungua mlango, tena sana. Lakini kampuni iliyopokea oda, iliyofundisha vipimo na kukagua ubora ilikuwa ya Wanyarwanda, na iko Rwanda.

Karibu zaidi, hapo Ngara, tangu mwaka 2007 kuna WomenCraft, kampuni ya kijamii inayofanya kazi na wasukaji wa mpakani mwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Imeshirikiana pia na MADE51, mpango wa UNHCR uliozinduliwa mwaka 2018 wa kutafutia masoko kazi za mikono za wakimbizi. Vikundi vya Kibondo na Kasulu vina mahali pa kwenda kujifunza kwa basi, bila kusubiri ndege.

Wenye moyo wa kujitolea huko ng'ambo nao wana historia ya kutufundisha. Mwaka 1946 mama mmoja wa Marekani, Edna Ruth Byler, alitembelea Puerto Rico akaona vitambaa vilivyodariziwa na wanawake maskini. Akavipeleka kwao na kuviuza kutoka kwenye buti ya gari lake. Hatimaye zikazaliwa shughuli zinazojulikana kama Ten Thousand Villages, zenye maduka ambayo kwa miaka mingi yamehudumiwa na watu wa kujitolea, wakiwamo wastaafu. Hawa hawakuhitaji kupanda ndege. Walisaidia wakiwa kwao, kwa kuuza. Hata hivyo, mwaka 2020 tawi la Kanada lilifunga ofisi yake kuu na maduka yake mengi. Aliyekuwa na mnunuzi huyo mmoja tu aliumia. Aliyekuwa na watatu aliyumba akasimama.

Wastaafu wetu wako wapi?

Hapa nataka nituulize sisi wenyewe. Mtumishi wa umma hapa nchini hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na kwa hiari akiwa na 55. Kasulu peke yake ina vyuo vya ualimu na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, bila kutaja shule, hospitali na halmashauri mbili. Kila mwaka wanastaafu walimu, wahasibu, maofisa ugavi, maofisa biashara. Wengine wana nyumba mjini Kasulu au Kibondo, wanalima migomba na kahawa, wanafuga ng'ombe wawili. Wanajua Kiha, wanajua Kiswahili, na wengi wanajua Kiingereza cha kutosha kuandika barua pepe kwa mnunuzi.

Mtu kama huyu akijitolea asubuhi mbili kwa wiki kutunza vitabu vya kikundi na kumfundisha katibu, hahitaji kibali wala mkalimani. Na wiki ijayo bado yupo. Mgeni aje na kile ambacho huyu hana, yaani ujuzi wa soko la kwao. Daftari, mikutano na ufuatiliaji vibaki kwa mstaafu wetu. Wakikutanishwa wawili hao siku ya kwanza, mgeni akiondoka hakuna pengo.

Najua pingamizi lake: mstaafu wa kwetu hana pensheni ya kuishi kwa raha, hawezi kufanya kazi ya bure. Ni kweli. Basi apewe nauli na posho ndogo kutoka kwenye mauzo, iandikwe wazi katika daftari. Itakuwa nafuu kuliko malazi ya mgeni kwa mwezi mmoja.

Maofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri wana nafasi hapa. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya utoaji na urejeshaji mbaya, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi cha kusuka chenye daftari safi na oda iliyoandikwa kina hoja nzuri ya kukopa. Lakini kiangalie ratiba. Kama mnunuzi wa nje analipa siku 60 baada ya kupokea mzigo, usisaini mkopo unaoanza kurejeshwa mwezi ujao.

Masharti ya kumpa mgeni

Kabla ya kukubali ujio wa mstaafu yeyote wa kujitolea, kikundi kiandike karatasi moja na kusaini naye mambo haya:

Kwanza, kila mteja atakayepatikana jina na anuani yake viandikwe katika daftari la kikundi, na barua pepe za oda zije kwenye anuani ya kikundi.

Pili, malipo yaingie katika akaunti ya kikundi yenye watia saini wasiopungua wawili.

Tatu, wachaguliwe wanachama wawili wa kujifunza kila anachokifanya, mmoja wao awe kijana anayejua simu na kompyuta.

Nne, mwezi wa mwisho wa kukaa kwake asifanye chochote kwa mkono wake. Akina mama wajibu oda, wafunge mzigo, wapige simu. Yeye atazame na kusahihisha.

Tano, asiwe na mnunuzi mmoja tu. Na soko la ndani lisisahaulike: hoteli, maduka ya wasafiri na maonesho ya Sabasaba ni wateja wanaolipa kwa shilingi na wasiodai meli.

Mgeni mwenye nia njema atafurahi kuyaona masharti haya, kwa sababu yanaonesha amekuja kwa watu wa biashara. Atakayeyakataa, akina mama wamshukuru kwa safari yake, wampe chai na kumsindikiza stendi. Vikapu vitabaki, na watakaovisuka mwakani ni wao wale wale.